Mbuzi Alipata Kamati, Mashairi Hayakupata: Kisa cha Vitabu vya Kibengali vya Mwaka 2017

Tarehe 1 Januari 2017 watoto wa Bangladesh walikwenda shuleni kuchukua vitabu vipya, kama walivyokuwa wakifanya kila mwaka mpya tangu 2010. Siku hiyo huitwa Boi Utsab, sikukuu ya vitabu. Miaka hiyo mawaziri walisimama mbele ya kamera, watoto walinyanyua vitabu juu ya vichwa, na kesho yake magazeti yalitoa picha ambayo ukiilinganisha na ya mwaka jana utadhani ni ileile. Lakini shughuli yenyewe si mchezo. Mwaka huo zilichapwa na kugawiwa bure nakala milioni 360 na ushee, kuanzia chekechea hadi darasa la tisa, kwa shule za kawaida na kwa madrasa zinazofuata mtaala wa serikali. Mtoto wa mvuvi kule kwenye visiwa vya mdomo wa mto Meghna anapata kitabu kilekile anachopata mtoto wa katibu mkuu Dhaka. Zipo nchi tajiri zaidi ambazo hazijawahi kuthubutu.

Safari hii wiki haikuisha salama. Wazazi walifungua vitabu, wakapiga picha kurasa, wakazirusha Facebook, na nchi nzima ikaanza kucheka. Kicheko kilipokwisha ndipo baadhi ya waandishi wa habari na walimu walipokaa chini kulinganisha toleo jipya na la mwaka uliotangulia, ukurasa kwa ukurasa, wakagundua kwamba kilichochekwa kilikuwa ganda tu.

Nianze na ganda.

Kitabu cha Kibengali cha darasa la kwanza kiliipa irabu ya kwanza mbuzi, kwa jina la kale lenye asili ya Kisanskriti ambalo mtoto wa miaka sita halisikii nyumbani wala gulioni. Mchoraji akamweka mbuzi huyo amesimama wima, miguu ya mbele juu ya shina la mwembe. Watu wakasema serikali inafundisha kwamba mbuzi hupanda miti kula maembe. Mbele kidogo, herufi ya "o" ikapewa mtandio: msichana mdogo, na maneno yanayosema anataka mtandio. Darasa la tatu likapata msiba wa aina nyingine. Shairi la Kusumkumari Das, ambalo Wabengali wengi wamelikariri tangu utotoni, linauliza ni lini atapatikana nchini mwetu mtoto asiye mkubwa wa maneno bali mkubwa wa matendo. Mshororo wa kwanza unaishia kwa "kobe", yaani lini, na wa pili kwa "hobe", yaani atakuwa. Kitabuni mtu aliyapanga upya maneno ya mshororo wa kwanza ili yasomeke kama mazungumzo ya kawaida, na kina kikafa hapohapo. Msomaji aliyekulia kwenye mashairi ya vina na mizani hahitaji kuelezwa zaidi. Ni sawa na mtu kukuimbia wimbo wa utotoni na kuukosea makusudi.

Kilichochekwa kuliko vyote kilikuwa kwenye jalada la nyuma la kitabu cha dini ya Kihindu cha darasa hilohilo la tatu. Paliandikwa usia wa kuwaambia watoto wasimuumize mtu. Kwa Kiingereza. Na neno la kuumiza, hurt, likaandikwa kwa herufi za moyo: DO NOT HEART ANYBODY. Herufi kubwa, nakala kwa maelfu, mikononi mwa watoto wa miaka minane.

Sasa kiini.

Vitabu vya lugha ya Kibengali vya sekondari ni mikusanyo ya fasihi. Cha darasa la sita kinaitwa Charupath, cha saba Saptabarna, cha nane Sahitya Kanika, na la tisa na la kumi hutumia kimoja kwa pamoja. Ndani yake mna hadithi fupi, insha za safari, na mashairi ya kuanzia karne za kati hadi juzi. Walipolinganisha matoleo, watu waliona kazi zipatazo 17 zimetoweka bila neno, na nyingine zimeingia mahali pake. Darasa la sita lilipoteza shairi la Rabindranath Tagore kuhusu moyo wa nchi ya Bangla, hadithi ya Satyen Sen kuhusu ng'ombe mwekundu, na insha ya S. Wazed Ali kuhusu safari yake ya Ranchi. La saba lilipoteza hadithi ya Sarat Chandra Chattopadhyay iitwayo "Lalu". La nane likapoteza muhtasari wa Ramayana, utenzi mkuu wa Kihindu, uliosimuliwa na Upendrakishore Ray Chowdhury. La tisa lilipunguziwa mengi: wimbo wa Lalon, kipande cha Bharatchandra wa karne ya 18, insha ya Sanjib Chandra kuhusu Palamau, shairi la Sunil Gangopadhyay kuhusu daraja linaloyumba. Na huku chini, darasa la tano, shairi la Humayun Azad liitwalo "Kitabu" likaondoka.

Vilivyoingia vilikuwa habari za Mtume Muhammad katika darasa la pili, khalifa Abubakar darasa la tatu, khalifa Umar darasa la nne, Hija ya kuaga na shahidi Titumir darasa la tano. Safari ya Ranchi ikapisha insha ya Syed Mujtaba Ali kuhusu Mto Nile na mapiramidi.

Orodha hiyo haikuota yenyewe. Mwaka 2016 jumuiya ya Hefazat-e-Islam, ambayo makao yake yalikuwa katika madrasa kubwa ya Hathazari karibu na Chittagong na kiongozi wake alikuwa Shah Ahmad Shafi, ilitoa madai ya wazi. Ilisema vitabu vilivyoanza kutumika mwaka 2013, baada ya sera mpya ya elimu ya 2010, viliondoa habari za Uislamu na kuingiza za Kihindu na za wasioamini Mungu. Ikataja moja baada ya nyingine: hizi zirudishwe, zile ziondolewe. Toleo la 2017 lilipotoka, maelezo ya vilivyotoka na vilivyoingia yalifanana mno na madai hayo hata isiwezekane kusema ni sadfa. Viongozi wa Hefazat walifurahi hadharani. Upande wa serikali ukasema marekebisho ni jambo la kawaida la kila mwaka na kwamba hakuna aliyeshinikizwa na mtu.

Kabla ya kuwahukumu Hefazat, hoja yao isikilizwe. Katika sensa ya 2011 Waislamu walikuwa asilimia 90 ya nchi. Mzazi akiuliza kwa nini kitabu cha lugha ya mwanawe kisiwe na Hija ya kuaga kama maandishi ya Kibengali, ameuliza swali la haki kabisa. Fasihi ya Kibengali ya Waislamu ni pana, ya kale na nzuri, na kwa miaka mingi chini ya Waingereza vitabu vya shule vya Calcutta viliiacha nje kana kwamba haipo. Kinyongo hicho kina historia. Mimi sioni tatizo lolote katika kuingiza.

Shida iko kwenye kuondoa, na hasa kwenye sababu zilizotajwa. Hapo ndipo ukikaa na kazi zenyewe unashangaa.

Chukua "Lalu". Madai yalikuwa kwamba hadithi inawafundisha watoto wa Kiislamu kuchinja mbuzi kwa ajili ya mungu wa kike Kali. Lalu ni kijana mtundu, mwenye nguvu, asiyeogopa kitu. Usiku wa sherehe ya Kali katika nyumba ya tajiri mmoja, mchinjaji hapatikani, basi Lalu anaitwa. Anachinja mbuzi waliopo. Kisha anajifanya amepandwa na wazimu wa damu, panga mkononi, macho yamemtoka, anadai wengine wa kuchinja. Mbuzi wamekwisha, basi watu watafaa. Kuhani anatimua mbio, mwenye nyumba anatetemeka, waalikwa wanakanyagana mlangoni. Matokeo yake ni kwamba tangu siku hiyo sadaka ya mbuzi inakoma katika nyumba ile. Hadithi nzima ni dhihaka juu ya kafara! Kama kuna mtu alipaswa kuilalamikia, ni kuhani wa Kali. Aliyeandika lalamiko aliona mbuzi, akaona sanamu, akafunga kitabu. Na aliyelipokea lalamiko pale wizarani hakukifungua.

Ranchi ni kichekesho cha peke yake. S. Wazed Ali alikuwa Mwislamu, na insha yake ni ya msafiri anayetazama milima. Kosa la Ranchi ni kuwa India. Ndiyo maana Palamau nayo ikaenda. Shairi la daraja linaloyumba lilisomwa kuwa linalilia mgawanyo wa Bengal wa mwaka 1947, na ni kweli linalilia. Familia nyingi za pande zote mbili za mpaka zimelia vilevile. Ng'ombe mwekundu wa Satyen Sen ni ng'ombe wa mkulima fukara, amezeeka, hana kazi tena, ameamuliwa auzwe, na watoto wa nyumba hawakubali. Ukisoma hadithi hiyo popote duniani penye wafugaji utaielewa. Walalamikaji waliona ndani yake ibada ya ng'ombe.

Tagore ni suala zito kidogo. Shairi lake ni la zama za kupinga kugawanywa kwa Bengal mwaka 1905, na linaiona nchi kama mama aliyetokeza, upanga unang'aa mkono wa kulia. Mwislamu mwenye kuangalia kwa makini anaweza kusema sura hiyo imechukuliwa kwa mungu wa kike wa Kihindu, na hatakuwa amekosea. Lakini Tagore huyohuyo ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Bangladesh, wa zama hizohizo, nao unaiita nchi mama tangu mwanzo hadi mwisho. Watoto wanauimba kila asubuhi mstarini, kisha wanaingia darasani ambako shairi ndugu yake limeondolewa.

Bharatchandra aliandika mshororo ambao hata asiyejua kusoma anaujua: mwanangu na aishi katika maziwa na wali. Mvusha watu wa mashua, maskini, anapewa na mungu wa kike nafasi ya kuomba chochote. Haombi dhahabu, anaomba mtoto wake ashibe. Lalon, fakiri aliyekataa kusema yeye ni Mhindu au Mwislamu, anasema muda ukipita ibada haitafaa tena. Nyimbo za Wabaul, waimbaji watangatangaji wa Bengal ambao yeye ni kilele chao, zilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu. Dunia ilizipokea, darasa la tisa la nchi yake likazipungukiwa.

Na Humayun Azad. Shairi lake la watoto linasema kwa lugha nyepesi kwamba kitabu kinachokutia hofu si kitabu hata kidogo. Walalamikaji walisema linailenga Kurani. Mwenyewe hakuwepo kujitetea. Februari 2004 alikatwakatwa kwa mapanga nje ya maonyesho ya vitabu ya Dhaka, na Agosti mwaka huohuo alifariki Munich. Kumwondoa mtu huyo katika kitabu cha darasa la tano kuna uzito ambao haupo katika kuondoa shairi la mtu mwingine yeyote, na kila mwalimu aliyekuwa na umri wa kukumbuka 2004 alilijua hilo.

Nimekaa sana hapa kwa sababu kisa hiki huelezwa mara nyingi kama vita vya dini na usekula, kisha kikaishia hapo. Katiba ya Bangladesh yenyewe inabeba vyote viwili: Uislamu umekuwa dini ya taifa tangu marekebisho ya 1988, na marekebisho ya 2011 yakarudisha usekula bila kuiondoa dini hiyo. Mvutano utakuwepo. Kinachonivutia zaidi ni njia uamuzi ulivyopita.

Vitabu hivi hutengenezwa na Bodi ya Taifa ya Mtaala na Vitabu, chombo kilichoundwa 1983, kazi yake ikifanana na ya TET kwa Tanzania au KICD kwa Kenya, nayo Bodi ya Dhaka hutoa kitabu kimoja tu kwa kila somo, na kila shule ya mtaala wa taifa inatumia hicho. Kuna jopo la waandishi, kuna wahariri na wakusanyaji, wengi wao wahadhiri wa vyuo vikuu, na majina yao huchapwa kwenye kurasa za mwanzo. Kuna kamati ya taifa ya kuratibu mtaala inayoidhinisha. Karatasini ni mfumo mzuri.

Mwaka 2017 majina yalibaki yaleyale na yaliyomo yakabadilika. Baadhi ya wahariri walijitokeza kusema hawakushirikishwa wala kuarifiwa. Waliona mabadiliko kama walivyoyaona wazazi, baada ya vitabu kugawiwa. Yaani msomi anatia saini mkusanyo wa mashairi, halafu mtu asiyejulikana anaingia usiku, anatoa baadhi, anaweka mengine, na saini haiguswi. Huko ofisini kwetu jambo hilo lina jina, na si jina la heshima.

Sasa tazama nani aliwajibishwa. Ndani ya siku chache maofisa wawili wa Bodi walivuliwa vyeo na kufanywa maofisa wa kazi maalumu. Kwa utumishi wa Bangladesh hiyo maana yake ni kukaa bila kazi yoyote, maalumu wala ya kawaida. Mchoraji akasimamishwa. Kamati ikaundwa kuchunguza makosa. Makosa gani? Mbuzi, kina kilichovunjika, na moyo kwenye jalada la nyuma. Kamati ya kuchunguza nani aliamua "Lalu" iondoke haikuundwa, kwa kuwa hilo halikuhesabiwa kosa. Lilikuwa uamuzi, na uamuzi haukuwa na mwenyewe. Bodi iliitazama wizara, wizara ikaitazama Bodi, na juu ya zote mbili palikuwa na hesabu za siasa ambazo kila mtu mjini Dhaka alizijua.

Hesabu zenyewe zilijitokeza baadaye bila kificho. Aprili 2017 Waziri Mkuu Sheikh Hasina, akiwa pamoja na Shah Ahmad Shafi, alitangaza kwamba shahada ya juu ya madrasa za Kaumi, zile zisizofuata mtaala wa serikali, itahesabiwa sawa na shahada ya uzamili. Mei, sanamu ya mwanamke mwenye mizani iliyokuwa mbele ya Mahakama ya Juu ikaondolewa pale ilipokuwa. Novemba 2018, majuma machache kabla ya uchaguzi, mkutano mkubwa wa wanazuoni wa Kaumi ulimpa Hasina sifa ya kuwa mama wa Kaumi. Miaka minne kabla ya sakata la vitabu, Mei 2013, serikali hiyohiyo ilikuwa imewatawanya wafuasi wa Hefazat kwa nguvu usiku katikati ya Dhaka, na watu walikufa. Vitabu vya watoto vilikuwa sehemu ya mapatano baada ya ugomvi ule. Inawezekana hata vilionekana kuwa sehemu ya bei nafuu: hakuna barabara ya kujenga, hakuna mshahara wa kulipa, ni mashairi tu.

Lakini ukiangalia jinsi shule za Bangladesh zilivyopangwa, hiyo bei haikuwa nafuu. Somo la dini huko hufundishwa kwa kutenganisha: Mwislamu ana kitabu chake, Mhindu chake, Mbudha na Mkristo vilevile. Hisabati na sayansi hazisemi habari za mtu ni nani. Darasa la Kibengali linabaki kuwa mahali ambapo watoto wa dini zote wanafungua ukurasa mmoja na kuulizwa wanahisi nini. Katika darasa hilo Mwislamu wa Rajshahi alijua kwamba jirani yake ana Rama na Sita, na Mhindu wa Barisal alijua Umar alikuwa nani. Habari za Umar zingeweza kuingia na Ramayana isitoke. Kurasa ziliweza kuongezwa. Kilichofanyika ni kubadilishana, hii itoke hiyo iingie, na mtoto wa Kihindu darasani alielewa bila kuambiwa ni upande gani umepunguzwa.

Kuna jambo la mtihani pia. Kule maswali ya mtihani wa darasa la kumi hutoka ndani ya kitabu. Mwalimu anayelipenda shairi lililoondolewa anaweza kulisoma darasani kwa hiari yake, ila wazazi watamuuliza kama litaulizwa. Haliulizwi. Basi muda hakuna. Kwa hiyo kitabu kimoja cha taifa kikifuta kazi fulani, haina kimbilio katika shule nyingine wala kitabu kingine. Inabaki kwenye maktaba za nyumba zenye maktaba. Uzuri ule wa kitabu kilekile kwa mtoto wa mvuvi na wa katibu mkuu ndio huohuo unaofanya mkono mmoja wa gizani uwafikie wote kwa mpigo.

Ni haki nitaje kwamba Januari hiyohiyo Bodi ilifanya jambo jema ambalo kelele zililifunika. Kwa mara ya kwanza vilitoka vitabu vya chekechea kwa lugha tano za jamii ndogo: Kichakma, Kimarma, Kigaro, Kikokborok na Kisadri. Nchi iliyozaliwa kutokana na madai ya lugha, iliyowazika vijana wake Februari 21, 1952 kwa sababu ya Kibengali, ilichukua miaka 45 baada ya uhuru kuwapa watoto wa Chakma kitabu cha lugha yao. Wasantali walikosa, kwa kuwa wenyewe hawakukubaliana waandike kwa herufi zipi: za Kirumi, za Kibengali au za Ol Chiki. Na hata kwa lugha zile tano, tatizo la walimu wanaoweza kusoma hati za vitabu hivyo liliibuka siku ya kwanza. Ni kisa kingine kinachostahili uchambuzi wake.

Mimi naamini mbuzi na "Lalu" walipita mlango mmoja. Hili ni wazo langu, sina karatasi ya ndani ya Bodi mkononi. Lakini fikiria ratiba: tarehe 1 Januari ilikuwa haisogei, kwa sababu ilikuwa sikukuu ya kisiasa. Mamia ya mamilioni ya nakala lazima yaanze kuchapwa miezi mingi kabla. Mabadiliko yakiletwa kutoka juu, yakiwa ya siri, hayawezi kupelekwa kwa wahariri kwa sababu watauliza maswali. Yasipopelekwa kwa wahariri, hakuna jicho la pili. Kitabu kisicho na jicho la pili ndicho kinachotoka na kina kilichovunjika na HEART badala ya neno lililokusudiwa. Kwa hiyo wale waliosema tuache siasa tujadili ubora, na wale waliosema tuache vichekesho tujadili siasa, walikuwa wakigombania jambo moja.

Yaliyofuata yananipa sababu ya kushikilia hapo. Januari 2023, chini ya mtaala mpya kabisa, ilibainika kwamba sehemu za kitabu cha sayansi cha darasa la saba zilinyakuliwa kutoka tovuti ya National Geographic na kupitishwa kwenye Google Translate, Kibengali chake kikiwa na harufu ya mashine. Muhammed Zafar Iqbal na Haseena Khan, waliohusika na uhariri wa kitabu hicho, walitoa taarifa na kukiri katikati ya mwezi. Aibu ilikuwa kubwa, lakini angalau kosa lilikuwa na wenyewe, likasahihishika. Mwezi uliofuata Bodi iliondoa vitabu viwili vya historia na sayansi ya jamii vya darasa la sita na la saba baada ya shinikizo, na mazungumzo yakarudi kuwa ya minong'ono. Mwaka 2024 ikawa zamu ya hadithi ya Sharifa, mtu wa jinsia ya tatu, katika kitabu cha darasa la saba. Hasina akaanguka Agosti 2024, mtaala mpya ukatupwa, ule wa 2012 ukarudishwa. Ungedhani mambo yangebadilika.

Januari 2025 jalada la nyuma la kitabu cha sarufi ya Kibengali cha darasa la tisa na la kumi lilikuwa na mchoro wa ukutani uliochorwa na vijana wa mapinduzi: mti wenye majani matano, kila moja limeandikwa jamii, na moja likasema Adivasi, wazawa. Kikundi kimoja kilipinga neno hilo. Bodi ikauondoa mchoro kwenye toleo la mtandaoni haraka haraka. Tarehe 15 vijana wa jamii hizo waliandamana hadi ofisi za Bodi Motijheel, wakapigwa barabarani. Serikali tofauti, walalamikaji tofauti, ofisi ileile, na njia ileile ya kubadili kwanza na kueleza baadaye.

Mtu akiniuliza kingefanyika nini mwaka 2017, siwezi kumwambia serikali isisikilize kundi lenye wafuasi mamilioni. Ingewasikiliza. Wangekaa mezani na wahariri wale ambao majina yao yamo kitabuni, na mhariri mmoja angewasomea "Lalu" hadi mwisho. Huenda wangeshikilia madai yao hata hivyo. Ila pangekuwa na kumbukumbu za kikao. Na kila toleo lingekuwa na ukurasa mmoja mbele, kabla ya yaliyomo: mwaka huu zimetoka kazi hizi, zimeingia hizi, kwa sababu hizi, imeamuliwa na hawa, tarehe fulani. Karatasi moja katika kitabu cha kurasa zaidi ya mia. Gharama ya wino wake haifiki hata ya kuchapa upya jalada la kitabu cha Kihindu. Nadhani sababu ya kutokuwepo ni kwamba pale penye "imeamuliwa na" lazima liandikwe jina, na mwaka 2017 hakuna aliyekuwa tayari kuliandika la kwake.